Mafuta ya mgando ya oleojeli: nimeyatumia kwenye biskuti, keki na pestri, haya ndo niliyoyaona

Jamani kwanza tuelewane ni mafuta gani nayaongelea, maana siku hizi kila kopo limeandikwa kwa herufi kubwa "bila transi" (yaani bila yale mafuta ambayo umbo la asidi zake limebadilika na ni mabaya kwa moyo) na mtu anachukua lolote akidhani yote ni yale yale. Si yale yale hata kidogo. Haya ninayoyazungumzia ni oleojeli, yaani mafuta ya maji ya alizeti ambayo yamegandishwa kwa nta kidogo sana, hayajapitishwa haidrojeni wala hayajachanganywa na mawese ili yasimame. Kwa macho ukiyaona utasema ni majarini tu ya kawaida, rangi ya maziwa mazito, kijiko kinasimama. Lebo ya nyuma ni fupi na hiyo nimeipenda mno: mafuta ya alizeti yenye oleiki nyingi, nta ya pumba za mchele, imalsifaya (kiunganishi cha mafuta na maji) ya mono na digliseridi, vitamini E, basi. Transi sifuri, mafuta yaliyoshiba (yale magumu yanayopandisha kolesteroli mbaya) gramu 10 hivi kwenye kila gramu 100.

Hiyo gramu 10 ndo iliyonifanya niyachukue. Watu wengi wamefundishwa kuangalia transi tu, na kweli transi ni mbaya kuliko zote, lakini mtengenezaji akiondoa transi lazima kitu kingine kisimame pale ili mafuta yagande, na mara nyingi kinachosimama ni mawese au sehemu yake ile ngumu, na mawese karibu nusu yake ni mafuta yaliyoshiba. Siagi nayo ina kama gramu 51 za mafuta yaliyoshiba kwenye gramu 100, mafuta ya nazi yanapita 80. Kwa hiyo unaweza ukatoka kwenye kopo lenye transi ukaingia kwenye kopo "safi" ambalo mafuta yaliyoshiba yamepanda, na mbele wameandika kwa rangi ya kijani kibichi kabisa na hawajasema uongo wowote. Ukishika kopo lolote soma mistari miwili, wa transi na wa yaliyoshiba, ujumlishe. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2023 linasema yaliyoshiba yasizidi asilimia 10 ya nguvu yote ya chakula cha siku na transi isizidi asilimia 1, na kwa mtu anayekula kalori 2000 hiyo ni kama gramu 22 za yaliyoshiba na gramu 2 na kidogo tu za transi. Vijiko vitatu vya chakula vya siagi vinakumalizia hizo 22 zote kabla hujala kingine.

Transi yenyewe ilifikaje kwenye makopo, hii nitaisema haraka. Mwaka 1902 mkemia Mjerumani Wilhelm Normann alipata hataza ya kupitisha haidrojeni kwenye mafuta ya maji ili yawe magumu, na biashara ikapaa kwa sababu mafuta ya mbegu yanapatikana kwa wingi na yakigandishwa hivo yanakaa muda mrefu bila kuchacha. Shida ni pale wanapoyahaidrojenisha nusu nusu, wakisimama katikati ili yabaki laini. Pale ndo transi inazaliwa kwa wingi, mafuta ya namna hiyo hubeba transi asilimia 25 hadi 45 hivi. Mtu anaweza kuuliza mbona ni badiliko dogo tu la umbo? Ni dogo kweli, lakini ona linachofanya: asidi ya oleiki, moja ya asidi zinazounda mafuta, ina kaboni 18 na kifungo kimoja maradufu, imepinda pale katikati, haipangiki vizuri na wenzake kwa hiyo inayeyuka kwenye nyuzi 13 au 14 hivi. Ndugu yake wa transi, eleidiki, ana kaboni zile zile na kifungo kile kile kimoja ila amenyooka, wanalala pamoja kwa kubanana, anayeyuka kwenye nyuzi 44 hivi. Waokaji walipenda mno huo ugumu. Mwilini mambo yakawa mengine, mwaka 1990 watafiti wa Uholanzi, Mensink na Katan, walionyesha transi inapandisha kolesteroli mbaya ya LDL na hapo hapo inashusha ile nzuri ya HDL, yaani inakupiga pande zote mbili. Denmark ikaweka kikomo mwaka 2003, gramu 2 kwa kila gramu 100 za mafuta, Marekani 2015 wakasema mafuta yaliyohaidrojenishwa nusu hayatambuliki tena kuwa salama kwenye chakula, na Umoja wa Ulaya nao kikomo chao cha gramu 2 kimeanza kazi 2021. Nchi kibao bado hazijafika hapo, ndo maana bado nawaambia watu wasome lebo.

Sasa oleojeli inafanyaje kazi, maana ukielewa hapa utaelewa kwa nini imenifurahisha huku na kuniangusha kule. Mafuta yoyote ya mgando si magumu yote. Hata siagi ndani yake ina mafuta ya maji mengi tu, ila yameshikwa na wavu wa fuwele ndogo ndogo za yale yaliyoshiba, kama sifongo inavyoshika maji. Walichofanya hawa wa oleojeli ni kubadilisha wavu. Nta ya pumba za mchele inayeyuka karibu nyuzi 80, wanaiyeyusha ndani ya alizeti ya moto, ikipoa inajikusanya kuwa fuwele nyembamba ndefu kama sindano zinazopishana, na mafuta yote yanabaki yamenaswa humo katikati. Nta yenyewe inahitajika asilimia chache tu, kwa hiyo zaidi ya tisini kwenye mia ya unachokula ni mafuta yale yale ya alizeti uliyokuwa ukiyajua, yamesimama tu. Kwangu mimi hili ni jambo kubwa mno. Miaka mia na zaidi tumeambiwa ukitaka mafuta yasimame lazima ukubali au yaliyoshiba au transi, na kumbe kuna njia ya tatu.

Haya, tuingie jikoni.

Biskuti. Hapa sina neno, ni nyota tano. Biskuti haidai makubwa kutoka kwa mafuta, inataka tu yaingie katikati ya unga yazuie ute wa ngano usishikane sana ndo upate ule mvunjiko. Oleojeli inafanya hiyo kazi bila wasiwasi. Donge lilikuwa laini kidogo kuliko la siagi, linanata mkononi, nikaligandisha kwenye friji kwanza kabla ya kukata na likatulia, kwenye oveni biskuti zikasambaa kiasi cha kawaida, kingo zikashika rangi, na ukiivunja inatoa ule mlio mkavu safi kabisa. Zimekaa kwenye kopo siku kadhaa bila kuchuja mafuta juu ya karatasi. Kilichopungua ni harufu, maana siagi inaleta utamu wake wa maziwa ambao alizeti haina, kwa hiyo weka vanila ya kutosha au ganda la limau au viungo unavyopenda, na usisahau chumvi kidogo kwa sababu haya hayana chumvi kabisa.

Keki. Nzuri, lakini hapa lazima ubadilishe mkono. Ukipiga siagi na sukari, fuwele ndogo ndogo za siagi zinashika hewa, unaiona kabisa inageuka nyeupe na kuvimba. Oleojeli nimeipiga na sukari kwa mashine na haikuvimba vile, ilibaki nzito inang'aa, na ukiendelea kupiga kwa hasira inaanza kulegea badala ya kujaa, maana ule wavu wa sindano za nta ukishavunjwa haujirudii kwa urahisi. Keki ya kwanza ikatoka imekaa chini kidogo na punje zake zimebanana, ladha safi tu ila si ile keki ya kusimama. Nilichofanya baadae nikaacha kutegemea mafuta yalete hewa, hewa nikaitoa kwenye mayai: piga mayai na sukari peke yake mpaka yawe mazito ya kudondoka kama utepe, alafu ingiza oleojeli ikiwa laini kwa kukunja taratibu na mwiko, unga mwisho. Hapo keki ikanyanyuka vizuri na unyevu wake unakaa muda mrefu kuliko ya siagi, siku ya tatu bado laini, kwa sababu mafuta ya ndani ni ya maji hayagandi keki ikipoa. Kwa keki ya siku hizi mbili tatu za mbele naichagua hii kabla ya siagi. Nyota nne.

Kupaka mkate, hapa watu watagawanyika. Inapakika vizuri mno, hata ikitoka kwenye friji haichani mkate, hiyo ni faida ya kweli. Tatizo liko mdomoni. Siagi inayeyuka karibu na joto la mwili, ukiiweka ulimini inatoweka na kuacha ubaridi fulani mtamu. Nta inayeyuka kwenye nyuzi 80 na mdomo una nyuzi 37, fanya hesabu mwenyewe, haiyeyuki, inabidi mate na ulimi viivunje vunje. Kwa tabaka jembamba husikii kitu. Ukipaka nene unasikia kiutando kwenye paa la mdomo kinachokaa kaa, hakina ladha mbaya ila kipo. Mimi napaka jembamba kwa hiyo hainisumbui, lakini mtu anayependa siagi nene ya kuuma na meno itamuudhi na sitamlaumu.

Pestri ya matabaka. Hapana. Hapa niwe wazi maana kopo kwa mbele limechorwa pestri nzuri ya matabaka na hiyo picha si haki. Pestri ile inataka mafuta ambayo unayasukuma kwa kifimbo yawe karatasi nyembamba yasikatike na yasiingie kwenye donge, tabaka la mafuta tabaka la unga, kisha kwenye oveni mvuke unanyanyua kila tabaka peke yake. Mafuta ya namna hiyo lazima yawe na uvumilivu, yakunjwe, yasukumwe, yakunjwe tena bila kupoteza umbo. Oleojeli yangu ilivumilia mkunjo wa kwanza tu. Mkunjo wa pili nikaona donge linaanza kung'aa pembeni, ukibonyeza kwa kidole mafuta yanachuruzika kabisa, na wa tatu hakukuwa na tabaka tena, unga ulikuwa umeyanywa yote. Kilichotoka kwenye oveni ni kitu kitamu kinachovunjika vunjika lakini si pestri ya matabaka. Nilijaribu tena kila kitu kikiwa baridi sana na ikawa nafuu kidogo tu, mafuta yakapasuka vipande badala ya kulegea. Kwa hiyo nyota moja, na hiyo moja ni ya ladha. Sababu ni ile ile ya wavu kutojirudia ukivunjika, wala si uvivu wa mpishi, na kama unauza pestri usibadilishe kwa sasa.

Kukaanga sijisumbui nako na wewe usijisumbue. Ukiyayeyusha yanarudi kuwa alizeti yenye nta ndani, hakuna unachopata zaidi ya chupa ya mafuta ya maji ya kawaida, na yakipoa kwenye kikaango yanaacha ukungu wa nta wa kusugua.

Kitu kingine ambacho wauzaji hawakisemi: usiyayeyushe ukitegemea yarudi kama yalivyokuwa. Niliyayeyusha kidogo kwenye sufuria ndogo nikayaacha yapoe yenyewe juu ya meza, yakawa maangavu kama asali, kisha ukungu ukaanza pembeni ukasogea katikati, na yalipoganda yalikuwa na chenga chenga za kuonekana kwa macho na maji maji ya mafuta yamekaa juu. Ni kwa sababu yakipoa taratibu fuwele zinapata muda wa kukua ziwe kubwa na chache, na wavu wenye matundu makubwa haushiki vizuri. Kiwandani wanayapooza kwa namna wanayoijua wao. Kwa hiyo kopo liweke mbali na jiko na dirisha lenye jua. Kipimo changu ni rahisi, chukua bonge la ukubwa wa karanga uliweke juu ya karatasi ya jikoni uliache usiku mzima. Langu jipya liliacha duara dogo la mafuta kuzunguka bonge, la kawaida tu, na lile nililoliyeyusha nikaligandisha liliilowanisha karatasi nzima. Ukinunua kopo ukaona dimbwi la mafuta juu, ujue limewahi kupata joto njiani, lirudishe.

Na kuchacha je? Hapo ndo neno "oleiki nyingi" kwenye lebo lina kazi. Alizeti ya kawaida ina linoleiki nyingi, nzuri kwa moyo ila inachacha haraka ikikutana na hewa na joto, na oleojeli lazima ipashwe moto wakati wa kutengenezwa ili nta iyeyuke. Alizeti ya oleiki inavumilia zaidi. Kuna njia nyingine ya kugandisha mafuta inayotumia ethiliselulosi, kitu kinachotokana na mimea, timu ya Alejandro Marangoni pale Chuo Kikuu cha Guelph Canada wameifanyia kazi sana mpaka kwenye soseji, inatoa jeli ngumu zaidi lakini inataka kupashwa mpaka nyuzi 140 hivi, na joto hilo si rafiki wa mafuta laini. Nta inatoka na joto dogo zaidi, kwa hiyo kwa kopo la nyumbani naona walichagua vizuri. Kopo langu mpaka naifikia nusu harufu bado ni ya mbegu safi.

Watu wameniuliza kuhusu makopo mengine ambayo yameandikwa "mafuta yaliyobadilishwa esta" au "yaliyohaidrojenishwa kikamilifu", wakiona tu neno haidrojeni wanalirusha kopo. Msilirushe kwa sababu hiyo. Mafuta yakihaidrojenishwa mpaka mwisho hayabaki na vifungo maradufu, na bila vifungo hivyo hakuna pa transi kukaa, ni zile za nusu nusu ndo zenye sumu. Yanakuwa magumu kama mshumaa, kwa hiyo wanachukua kidogo wanachanganya na mafuta ya maji, kisha kwa kimeng'enya cha lipesi wanazipanga upya asidi za mafuta kwenye gliseroli, yaani kile kiungo kinachozishika pamoja, na kinachotoka ni laini, kinapigika na sukari, na hata kwa pestri kinajitahidi kuliko oleojeli yangu. Yaliyoshiba yake mengi ni asidi ya steariki ambayo haipandishi LDL kama wenzake wa kwenye mawese na siagi. Bado kwenye lebo gramu za yaliyoshiba zitakuwa juu kuliko za oleojeli, lakini kwa mwokaji anayehitaji mafuta ya kukunjwa ni hatua nzuri kutoka alikokuwa, na ningemwambia aanzie hapo.

Usitarajie yakupunguze uzito. Mafuta ni mafuta, kalori 9 kwa kila gramu, yawe ya siagi au ya alizeti yenye nta. Faida yake iko kwenye aina ya mafuta unayoyatoa na unayoyaweka badala yake: ukitoa yaliyoshiba ukaweka ya alizeti, LDL inashuka, hilo limepimwa mara nyingi mno. Kama nyumbani mnaoka mara moja kwa mwezi tofauti ni ndogo. Kama mkate na biskuti ni kila asubuhi na watoto wapo mezani, hiyo kumi badala ya hamsini inajirudia kila siku, na mimi kwa nyumba yangu hesabu hiyo ilinitosha. Mama yangu ambaye daktari alimwambia apunguze siagi amekula keki yake bila kuuliza kilichomo, na yeye si mtu wa kunyamaza keki ikiwa mbaya.

Wenye kuyatengeneza kama mnasoma, mambo mawili. Ondoeni hiyo picha ya pestri ya matabaka, wekeni ya biskuti, mtu asipoteze unga na siku yake nzima. Na maelekezo ya kupiga keki kwa mayai kwanza yachapwe hapo hapo kwenye mfuniko, kwa herufi za kusomeka, kwa sababu mtu akiyatumia kama siagi keki italala na kopo halitanunuliwa tena.